Siku Niliyosahau Kuachia Kifungo

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nilipokuwa na miaka kumi na saba na mdomo usiotulia, nilipokaa mbele ya mashine ya foni mtaani Nyamianda, mjini kwetu Uvira, na kuharibu kwa dakika chache jambo ambalo dada yangu alikuwa amelingoja miaka miwili. Nitakusimulia lote, ila usinikimbize. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa mguu, na masimulizi yangu yana mwendo huohuo.

Kwanza nikuambie kwa nini nimeikumbuka wiki hii.

Hapa mtaani Songo naishi na dada yangu Feza, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, pamoja na mjukuu wangu Jolie, mwanafunzi wa sekondari. Mama yake Jolie anauza mchele Luberizi na hurudi mwisho wa juma. Simu yake moja ameiacha hapa kwa ajili ya masomo ya mtoto, maana siku hizi masomo yamehamia humo. Mwalimu wa biolojia anatuma picha ya tumbo la binadamu kwenye kundi la darasa, wa hesabu anatuma mazoezi, wa Kifaransa anatuma makosa ya kila mwanafunzi mbele ya wenzake. Sisi tulikuwa tukiazima daftari kwa jirani. Jolie anaomba mega za intaneti.

Usije ukaniweka miongoni mwa wazee wanaoitukana simu kutwa nzima halafu jioni wanaomba wapigiwe mtoto wao aliye Lubumbashi. Mimi si adui wa simu. Jolie alinitafutia humo fundi mmoja wa nchi ya mbali anayeshona kola ya koti kwa namna niliyoihangaikia miaka thelathini. Nilimtazama mara kumi na moja. Makoti ninayoshona sasa yanakaa shingoni vizuri, na sifa napewa mimi, yule fundi hana habari.

Basi mwezi uliopita shule yao ilifungua chumba cha kompyuta chenye intaneti, na préfet, yaani mkuu wa shule, akawaita wazazi. Mimi nilikuwa na suti za arusi mezani, hivyo akaenda Feza. Aliporudi alinieleza mkutano kwa maneno manne: wamesema, tumesikia, watoto wachungwe. Kisha akaenda jikoni kwa Jolie, na baada ya muda mfupi nikasikia mtoto anacheka mpaka anakohoa.

Nikainuka kwenda kuona kuna nini. Nilipotokea mlangoni, Feza alikuwa ameshika mwiko, anakoroga ugali kwa uso wa mtu aliye kanisani.

Mwanangu, nilikuwa nimeuzoea mwiko ule. Karibu miaka hamsini, kila nikiingia mahali ambapo dada yangu anachekesha watu, namkuta ameshika mwiko, au ufagio, au sindano. Kicheko kinakoma kama redio iliyoishiwa betri. Nami najua sababu.

Siku ya pili yake, mchana, Jolie alitoka shuleni akaja kukaa nami barazani, akanisogezea simu usoni.

"Koko, ona hii." Koko kwetu ni babu, na bibi pia.

Nikaona. Ilikuwa video. Dada yangu Feza, mwanamke wa miaka karibu sabini, amevaa koti langu la kazini linalomfika magotini, amesimama katikati ya jiko akiwa préfet mzima mzima. "Chers parents, wazazi wapenzi!" Akavuta suruali asiyokuwa nayo mpaka juu ya kitovu. "Intaneti iko sawa na ziwa!" Akavuta tena. "Watoto wenu wamekwisha kuingia ndani, na ninyi wazazi mungali mnavua viatu!" Akavuta mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka mwenyewe akapepesuka. Ilikuwa sauti ya yule bwana, kidevu chake, kikohozi chake. Nilicheka hadi miwani ikaanguka juu ya kitambaa. Kisha nikanyamaza ghafla, kwa sababu nilitambua kwamba nilikuwa nimemwona dada yangu wa zamani, na nimemwona kwa kuchungulia.

"Natuma ku kundi ya darasa," Jolie akasema. Kidole kilikuwa kimekwisha kunyanyuka.

"Ngoja!"

Nilipaza sauti kiasi kwamba kuku walikimbia. Jolie akabaki na kidole hewani.

"Koko Feza anajua kama ulimupiga video?"

"Hajui bado. Lakini atafurahi tu, koko. Kila muntu atacheka."

"Kaa chini," nikamwambia. "Weka hiyo simu hapa juu ya kitambaa, nami nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui."

Na wewe mwanangu unayesoma, pengine kwenye simu hiyohiyo, kaa naye.

Foni ilikuwa mashine ya kuzungumza na watu wa mbali kabla simu hazijafika huku. Yetu ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Amisi, ambaye babu yake alikuja na biashara za ziwani na hakurudi tena alikotoka. Mezani palikuwa na betri ya gari na kisanduku cha chuma. Waya ulipanda juu ya paa na kufungwa kwenye mikaratusi miwili. Ulikuwa unapewa kipaza sauti chenye kifungo pembeni. Ukikifinya, unasema, lakini husikii kitu. Ukikiachia, unasikia, lakini huwezi kusema. Kwa hiyo kila aliyemaliza neno lake alisema "avu", ndiyo ile "à vous" ya Kifaransa, yaani sasa ni zamu yako, kisha akaachia kifungo. Bila avu hakuna mazungumzo, kuna mtu mmoja anapiga kelele.

Tena foni haikuwa na siri. Ulilosema Nyamianda lilisikika Baraka, Fizi na Kalemie, na kote huko kulikuwa na benchi la watu wanaongoja zamu zao. Ndiyo sababu watu wazima walikuwa na adabu ya foni. Majina hayakutajwa. Mama mmoja wa jirani alimwambia mume wake, "Ile robo uliniachia imeanza kunibana," yaani gauni, na benchi zima tukatazama juu kuhesabu mabati, tukijifanya hatujaelewa kwamba bwana atapata mtoto. Nikikumbuka benchi lile, mwanangu, na harufu ya vitambaa vipya, na Mzee Amisi akiita "Kalemie, Kalemie, hapa Uvira" kwa sauti ya kubembeleza, natamani kurudi hata kwa saa moja. Hakuna kitu kilichokuwa karibu, lakini tulijua kungoja.

Baba yetu alikuwa makanika bandarini Kalemie. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, mama alinituma nikazungumze naye.

Kazini kwake palikuwa na kijana aitwaye Bahati, mzaliwa wa Kalundu, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, akitembea anaegemea kushoto. Feza, aliyekuwa na kipaji cha kumwiga yeyote, alimfuata nyuma siku moja alipokuja kwao likizo, akimwiga. Bahati akageuka ghafla, akamfuma akifanya hivyo. Tuliosimama pale tuliona aibu. Yeye akacheka, tena wa kwanza. Tangu hapo alijiita Bata kwa Feza peke yake, na barua zake zilitiwa sahihi kwa mchoro wa bata. Barua ikifika, Feza alikuwa haifungui kwanza. Aliishika kifuani, akazunguka kiwanja chote kwa mwendo ule wa kuegemea kushoto, mama akipiga makofi. Sijaona tena furaha iliyotembea namna ile.

Miaka miwili ya barua. Mwishowe baba mkubwa wake Bahati, aliyemlea huko Kalemie, akakubali kuja kuposa. Angepanda meli pamoja na baba yetu. Jumamosi hiyo nilitumwa kuuliza mambo mawili tu: wanakuja na meli gani, na wageni ni wangapi.

Benchi lilikuwa limejaa. Palikuwa na wasichana watatu wa shule yetu, na hilo nalo lilinivuruga. Mzee Amisi akaniita, nikashika kipaza sauti, baba akasalimu, akasema avu. Nikafinya. Nikauliza meli, nikauliza wageni. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema avu. Badala yake nikaongeza neno la utani, benchi likacheka, na kile kicheko kikanipanda kichwani kama pombe.

"Na Feza anamungojea Bata wake!" nikasema. "Anatembea mu kiwanja hivi, kwata, kwata, mbavu zetu zimekwisha! Mwambie Bata asisahau kuleta vifaranga!"

Nikasimama, kipaza sauti mkononi, nikaanza kutembea kama Bahati. Wasichana waliinama kwa kicheko. Mzee Amisi alinyoosha mkono achukue chombo, nikampa mgongo. Nikaeleza jinsi anavyopanda ngazi. Nikaeleza jinsi atakavyocheza siku ya arusi. Yote hayo kidole changu kimekaza kifungo.

Nilipochoka nikasema avu, nikaachia. Palikuwa na mvumo mtupu, kisha sauti ya baba, ya chini.

"Byamungu. Muzee wake Bahati iko hapa ku benchi, pembeni yangu. Bahati mwenyewe iko ku mulango. Na watu wa kazi wote. Avu."

Zamu ikawa yangu, mwanangu, nami nikabaki nakitazama kile kifungo. Benchi zima likawa linatazama mabati. Mwishowe Mzee Amisi alinitoa chombo mkononi, akasema mwenyewe, "Bien reçu, Kalemie. Terminé," yaani tumesikia, mazungumzo yamekwisha.

Hakunifokea. Alichukua kitambaa akakifuta kile kipaza sauti taratibu, kama ninavyofuta cherehani yangu jioni, na akaniambia, "Mwanangu, weye unajua kufinya. Kufinya kila muntu anajua, hata mutoto. Kuachia njo kazi. Baba yako alikuwa anakulilia unyamaze, na haukumusikia, juu kidole chako kilikuwa kinamufunga mudomo."

Yule mzee wa Kalemie hakupanda meli. Alituma neno kwamba mtoto wake hataingia katika nyumba inayomcheka mguu. Bahati alijaribu kueleza kwamba ilikuwa utani wake yeye na Feza, lakini bandari nzima ilikuwa imekwisha kumwita Bata, hata vijana wapakuzi, na jina lililokuwa tamu kwa mtu mmoja likawa jiwe mikononi mwa wengi. Akahama, sijui alikwenda wapi. Barua ya mwisho ilipofika haikuwa na mchoro. Feza aliifungua akiwa amesimama mlangoni, hakuzunguka kiwanja.

Nilitamani anipige. Alinitazama tu akasema, "Ile ilikuwa ya nyumba, Byamungu."

Basi. Baadaye aliolewa na mkulima wa mpunga Luberizi, mtu mwema, Mungu amrehemu, wakazaa na kulea, na alipofiwa akaja kukaa nami. Hakuacha kunisalimu, hakuninyima chakula, hakunisema kwa watu. Lakini tangu siku ile hakumwiga mtu yeyote mbele yangu. Nami sikumwomba msamaha. Mwanzoni niliogopa, halafu nikaona haya, halafu nikajiambia mambo yamekwisha. Nilikuwa nikijidanganya. Kila nilipouona ule mwiko mkononi mwake nilijua kwamba hayajakwisha.

Jolie akasema, kwa ubishi uleule alioutoa kwangu, "Lakini koko, hii hapana foni. Kundi iko na watu wa darasa tu."

"Wangapi?"

"Arobaini na wawili."

"Kila mmoja ana mama, ana mjomba, ana kundi la kwaya. Na préfet?"

Akafikiri. "Naye iko ndani," akasema polepole, na akaficha mdomo kwa kiganja.

"Préfet ni shauri la kesho," nikamwambia. "Mimi namwazia Koko Feza. Amekuchekea wewe kwa sababu anakuamini. Video hii ikimfikia kupitia kwa mke wa mchungaji, nawe utamkuta ameshika mwiko. Utaishi naye nyumba moja kama nilivyoishi mimi, na hutamwona tena."

Jolie aliichukua simu, akainuka. Nami nilipogeuka nilimwona Feza. Alikuwa kwenye mlango wa nyuma na sinia la ndagala, dagaa wa ziwani, mkononi, na kwa jinsi alivyosimama nilijua yuko pale tangu zamani. Nyumba yetu ina kuta za matofali lakini mlango ule haujawahi kufunga sawasawa.

Mtoto alimwendea, akamshikia simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kwa mkubwa.

"Koko Feza, nilikupiga video na haukujua. Nilitaka kutuma. Naweza, ao hapana?" Halafu, kwa kuwa ni mjukuu wa nyumba hii na utani uko damuni, akamalizia, "Avu."

Feza akaweka sinia chini. Akaitazama video yote, simu ikiwa mbali na macho kama wazee tunavyofanya. Midomo ikaanza kumchezacheza. "Kumbe minye iko hivi? Koti inanimeza!" Akaitazama mara ya pili. Kisha akarudisha simu. "Hiyo iko ya nyumba, mwanangu. Usitume. Na watu wakija, usionyeshe."

"Ndiyo, koko."

Ndipo dada yangu akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika mkono mmoja wa koti la bwana arusi, sijui hata nilitaka kuufanya nini. Nilisema, "Dada, nisamehe juu ya ile ya foni." Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Umechelewa weye," akasema. "Meno yangu nusu yamekwisha kutoka."

Akafuta mikono kwenye kitenge. Akasogeza kigoda kwa mguu. Halafu, mbele yangu, mchana kweupe, dada yangu akaegemea kushoto na kuanza kutembea. Alizunguka cherehani yangu, akazunguka mti unaoshika antena ya televisheni, akapita karibu na kuku, mkono mmoja kifuani kana kwamba ameshika barua. Magoti yanamuuma siku hizi, lakini mwendo ulikuwa uleule, hatua kwa hatua. Mkono wa Jolie uliifuata simu kwa mazoea, ukaigusa. Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya kitambaa na kupiga makofi kama alivyopiga mama.

Nilijaribu kucheka, machozi yakatangulia. Na sioni aibu kukuambia.

Mwendo ule hutauona popote, mwanangu. Haumo ndani ya simu yoyote. Umo kwa watu watatu wa Songo, na sasa nimekuambia wewe habari zake tu, tena baada ya kumwomba mwenyewe ruhusa, akakubali kwa sharti niandike kwamba alikuwa mzuri kuliko mimi, na ni kweli.

Basi sikiliza ninachokuomba. Ingia humo intaneti, usome, ututafutie na sisi tusiojua. Jifunze tumbo la binadamu na kola ya koti. Lakini nyumbani kuna maneno, vicheko, majina na machozi ambayo watu wametoa kwa sababu uliyekuwepo ni wewe. Kabla hujayatoa nje, mwendee mwenyewe, umwonyeshe, umwulize, halafu unyamaze ungoje jibu lake. Akisema hapana, usimbembeleze. Ukiwa umekwisha kukosea, kwa sababu nawe utakosea kama mimi, usingoje miaka hamsini. Nenda leo, hata kama sauti itatoka nyembamba. Na ukisikia watu wengi wanacheka na kicheko chao kinaanza kukupanda kichwani, hapo hasa tazama kidole chako kiko wapi.

Mungu akulinde huko mbali ambako macho yetu hayafiki. Akupe wenzako wanaocheka nawe, na nyumba ambayo ukiingia hakuna anayeshika mwiko. Akujalie neno la kusema, na subira ya kumsikia anayekujibu.

Mimi nimemaliza langu. Avu.